Tunguu Linaposubiri Mvua

Tunguu, kwa maana ya wataalamu wa mimea, ni mmea mzima uliokunjwa na kuhifadhiwa chini ya ardhi: chini kabisa kuna kitako kigumu kinachotoa mizizi, juu ya kitako kuna majani manene yaliyofunikana tabaka kwa tabaka na kujaa akiba ya chakula, na katikati, pale kisu kinapofika mwisho mtu anapokata kitunguu cha mboga, kuna chipukizi ambalo katika aina nyingi tayari limebeba ua changa lililokwisha kuumbika. Mmea wa namna hii hauhangaiki na majira magumu, bali huacha majani yake ya juu yakauke, huingia katika hali ya bwete, yaani hali ya kuwa hai bila kukua, kisha husubiri. Anayetaka kuotesha maua ya matunguu mahali popote duniani hana budi kwanza kujua tunguu alilonalo linasubiri kitu gani, na kama kitu hicho hupatikana mahali anapoishi.

Katika nchi za kaskazini kinachosubiriwa ni mwisho wa baridi. Ua dogo jeupe liitwalo Galanthus huchomoza Ulaya kuanzia Januari na Februari, mara nyingi likipenya kwenye theluji, na baada yake hufuata krokasi, narsisi, haisinthi na hatimaye tulipu mnamo Aprili na Mei. Uharaka huo una sababu, kwa kuwa mingi ya mimea hii asili yake ni misitu inayopukutisha majani au miteremko ya milima yenye kiangazi kikavu, ambako jua na unyevu hupatikana pamoja kwa wiki chache tu kabla miti haijavaa majani mapya au ardhi haijakauka. Mmea wenye akiba chini ya ardhi huweza kuchanua, kuchavushwa, kujaza tena ghala lake na kulala kabla mimea inayoanzia kwenye mbegu haijapata nguvu ya kushindana nao.

Kiswahili hakina neno moja lililokubalika na wote kwa ajili ya majira hayo ya Ulaya. Vitabu vya shule husema majira ya kuchipua, wafasiri wengine huandika machipuko, na wapo wafasiri walioamua kusema masika, ambalo kwa watu wa pwani ni jina la mvua kubwa za kuanzia Machi hadi Mei. Matumizi hayo ya mwisho hulaumiwa kwamba yanachanganya mvua na kwisha kwa theluji, lakini kwa upande wa mimea yana ukweli mkubwa kuliko wanavyodhani wanaoyalaumu. Tunguu linajua tu kwamba kipindi kisichofaa kwa ukuaji kimepita na kipindi kinachofaa kimeanza, na katika Afrika Mashariki mpaka kati ya vipindi hivyo huwekwa na mvua. Waganda, ambao huziita mvua za Machi hadi Mei ttoggo na zile za Septemba hadi Novemba ddumbi, na ambao mwezi wa Novemba wameupa jina la Museenene kwa sababu ndio mwezi wa senene, wamezoea kalenda inayosomwa kwa vitu vinavyotokea, na tunguu la maua lina haki ya kuingizwa katika kalenda hiyo.

Kampala iko kaskazini ya ikweta kwa chini ya nusu ya digrii, juu ya vilima vilivyo kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Wastani wa joto hukaribia nyuzi 22 za Selsiasi, na tofauti kati ya mwezi wenye joto zaidi na ule wenye ubaridi zaidi ni takriban nyuzi 2 tu, ilhali tofauti kati ya mchana na usiku wa siku moja huwa kubwa mara kadhaa kuliko hiyo. Urefu wa mchana nao haubadiliki isipokuwa kwa dakika chache mwaka mzima. Kwa hiyo mmea uliozoea kuhesabu miezi kwa baridi, au kwa kurefuka kwa mchana, unapofika Kampala hukosa kabisa alama za njia, mithili ya msafiri aliyeingia mji ambao mitaa yake yote inafanana.

Tulipu ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote, na inafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo watu wengi huitamani baada ya kuiona katika picha. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, hasa upande wa Tien Shan, ambako kiangazi ni kikavu na baridi ni kali; ilipendwa Uajemi na katika dola ya Waturuki wa Osmani kabla ya kufika Uholanzi, ambako mtaalamu wa mimea Carolus Clusius aliipanda katika bustani ya Chuo Kikuu cha Leiden, na ikachanua mwaka 1594. Ndani ya tunguu lake ua huumbika wakati wa joto baada ya majani kukauka, lakini bua la kulibeba ua hilo haliwezi kurefuka ipasavyo mpaka tunguu lipitie wiki 12 hadi 16 za ubaridi wa nyuzi 2 hadi 9 hivi. Katika wiki hizo, ambazo kwa nje huonekana kama usingizi mtupu, wanga uliohifadhiwa huvunjwavunjwa kuwa sukari, na homoni, yaani kemikali zinazotoa amri za ukuaji ndani ya mmea, hujipanga upya. Tunguu lililokosa wiki hizo hutoa majani machache na bua fupi, na ua hunyauka kabla ya kutoka nje.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kupanda mlima. Kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mtu anapopanda mita 1,000, wastani wa nyuzi 9 hupatikana Uganda kwenye mwinuko unaozidi mita 3,300, ambao uko juu sana kuliko Kabale na vilima vyote vya Kigezi vinavyolimwa. Unapatikana katika milima mirefu kama Elgon na Rwenzori, ndani ya hifadhi za taifa, ambako hakuna anayeruhusiwa kuanzisha bustani. Hata huko tulipu isingeona majira yake, kwani baridi ya milima ya ikweta haidumu miezi mfululizo. Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi aliyechunguza uoto wa vilele vya Afrika Mashariki, alionyesha kwamba huko juu ni kana kwamba kiangazi huja kila mchana na majira ya baridi kila usiku. Lobelia kubwa na miti ya Dendrosenecio imejibu hali hiyo kwa kukunja majani yake kuzunguka chipukizi jioni na kuyafunua asubuhi. Tunguu ni jibu la dhiki ya miezi mingi, na halimsaidii anayepatwa na dhiki saa kumi na mbili tu kwa siku.

Linalobaki kwa mkazi wa Kampala anayeng'ang'ania tulipu ni friji. Njia hii hufanya kazi: matunguu huwekwa katika mfuko wa karatasi unaopitisha hewa, kwenye sehemu ya chini isiyogandisha, kwa wiki zisizopungua 12, kisha hupandwa kwenye vyungu vilivyowekwa mahali pa kivuli chenye ubaridi. Kuna sharti moja ambalo kwa nyumba za Uganda ni gumu kulitimiza, nalo ni kwamba ndani ya friji hiyo pasiwe na ndizi, embe, parachichi wala matunda mengine yanayoiva, kwa sababu matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayoua ua changa ndani ya tunguu. Na hata mwenye subira ya kutosha hupata furaha ya msimu mmoja, kwa kuwa tunguu mama la tulipu hufa kila mwaka baada ya kugawa akiba yake kwa matunguu madogo yanayolizunguka, na katika joto la Kampala majani hukauka mapema mno kabla wadogo hao hawajashiba. Kazi, umeme na fedha zinazotumika katika jambo hilo zingefaa zaidi kutumiwa kwa mimea ambayo tayari inaijua lugha ya mahali hapa.

Mmea wa kwanza katika hiyo ni Scadoxus multiflorus, ambao vitabu vya zamani viliuita Haemanthus, jina la Kigiriki lenye maana ya ua la damu, mpaka mwaka 1976 wataalamu Friis na Nordal walipoutenga na jamaa zake wa kusini mwa Afrika. Uganda ni sehemu ya kwao, katika kingo za misitu, vichaka na hata nyasi zenye kivuli. Wakati wa ukame hauonekani kabisa. Mvua za kwanza zinapolowesha ardhi, bua nene huchomoza, mara nyingi kabla ya majani au pamoja nayo, na kwenye ncha yake hufumuka mpira mwekundu unaoweza kufikia ukubwa wa balungi, uliofanywa na makumi ya maua membamba, wakati mwingine yakikaribia 200, ambayo kila moja limenyoosha nyuzi zake ndefu zenye chavua ya njano. Ua hilo hudumu wiki moja au mbili. Kisha majani hukua na kufanya kazi yake polepole kwa miezi, tunda jekundu huiva, na mmea hurudi ardhini.

Ua la damu na lile ua jeupe la theluji la Ulaya ni wa ukoo mmoja, ukoo wa Amaryllidaceae, ambao pia ndio wa narsisi, na ambao kwa uainishaji unaotumika tangu mwaka 2009 unajumuisha hata kitunguu cha mboga na kitunguu saumu. Ndugu wawili hao wamejenga ghala la aina ile ile, wakalitumia kuamka mapema kuliko majirani zao, mmoja akisikiliza baridi inayoondoka na mwingine mvua inayofika. Mwandishi anayesema kwamba Kampala haina maua ya mwanzo wa majira ya kuchipua amekosea mahali pa kutazama, kwani yapo, yamekuwapo kabla ya mji wenyewe, na kwenye milima ya Rwenzori kuna hata aina ya jamii hiyo hiyo, Scadoxus cyrtanthiflorus, yenye maua yanayoning'inia, ambayo haioti porini mahali pengine popote nje ya milima hiyo.

Kitunguu cha mboga kinastahili kutajwa kidogo hapa kwa sababu kinathibitisha jambo lile lile sokoni. Kitunguu huanza kuvimba na kuwa tunguu pale urefu wa mchana unapofikia kiwango fulani, na aina zilizochaguliwa kwa ajili ya Ulaya ya kaskazini hudai mchana wa saa 14 au zaidi, hivyo zikipandwa Uganda hutoa majani mabichi mwaka mzima bila kufunga kichwa. Ndiyo maana mkulima anayenunua mbegu katika maduka ya pembejeo ya Container Village jijini Kampala hupewa aina kama Red Creole, ambayo huridhika na mchana wa saa 12. Kinyume chake, kitunguu hicho hicho kikihitajika kutoa ua na mbegu hudai wiki kadhaa za ubaridi, na kwa hiyo uzalishaji wa mbegu hufaa zaidi nyanda za juu. Mkulima wa vitunguu huijua kanuni hii kwa hasara za mfukoni, na mpenda maua angeweza kujifunza kwake.

Nje ya Kampala, saa ya mvua hupiga kwa sauti tofauti. Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, ina msimu mmoja wa mvua na ukame mrefu mkali, na matunguu ya nyika kavu kama Ammocharis na jamii za Crinum hulala huko kwa miezi mingi kisha huchanua kwa pamoja ndani ya siku chache, maua makubwa ya waridi na meupe yakiwa yamekaa juu ya udongo ambao wiki iliyotangulia ulikuwa vumbi. Kusini mwa Tanzania, kwenye uwanda wa Kitulo ulio kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, ukame huandamana na jalidi kati ya Juni na Agosti, na hivyo mimea husubiri mambo mawili kwa pamoja. Mvua zinapoanza mnamo Novemba uwanda mzima hufunikwa na maua mpaka Aprili, zikiwamo aina 45 hivi za okidi zinazoota ardhini kutoka kwenye viazi vidogo. Wenyeji huuita uwanda huo Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, hasa kwa ajili ya maua yake. Hatua hiyo ilihitajika sana, kwa sababu viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na kiazi kilicholiwa hakisubiri tena mvua yoyote.

Ugumu wa Kampala ni wa namna nyingine, na vitabu vya bustani vilivyoandikwa kwa wasomaji wa Ulaya haviugusi. Mji uko jirani na ziwa Nalubaale, yaani Victoria, ambalo hutuma ngurumo na manyunyu hata Januari na Julai, miezi inayohesabiwa kuwa ya ukame. Kwa mihogo na migomba hiyo ni neema, lakini kwa tunguu ni kelele inayovuruga usingizi, kwa sababu kiangazi chenye manyunyu hakilikaushi vya kutosha kulilaza wala hakiliachi lifanye kazi, nalo huishia kutoa majani dhaifu au kuoza kwa kuvu. Kwa hiyo mkulima wa maua mjini Kampala, wakati mwenzake wa Ulaya ya kusini anapolazimika kutengeneza baridi, yeye hulazimika kutengeneza ukame. Huo hupatikana kwa njia rahisi: mmea hupandwa kwenye chungu, na majani yanapoanza kugeuka njano chungu husogezwa chini ya baraza mahali mvua isipofika, huachwa bila maji kwa wiki 8 hadi 10, kisha hurudishwa uani mwishoni mwa Februari au Agosti na kumwagiliwa maji mengi kwa mara moja.

Njia hiyo huleta matokeo ya kuridhisha hasa kwa Hippeastrum, ua kubwa lenye umbo la tarumbeta kutoka Amerika ya Kusini ambalo limekuwa mwenyeji wa nyua nyingi za Kampala, na ambalo wauza miche wa kando ya barabara huliuza katika mifuko myeusi ya plastiki iitwayo kaveera. Zephyranthes, tunguu dogo lenye maua ya waridi au meupe, lililotoka Amerika pia, halihitaji hata baraza, kwa kuwa huchanua siku chache baada ya kila mvua kubwa inayofuata siku za jua, na likipandwa kwa wingi kando ya njia huwa kipimo cha mvua kinachoonekana. Gladiolus ana historia inayopendeza zaidi. Gladiolus dalenii, mwenye maua ya manjano na rangi ya machungwa, huota porini Uganda na sehemu kubwa ya Afrika ya tropiki, naye ni mmoja wa wazazi wa maua ya kisasa yaliyochanganywa Ulaya katika karne ya 19. Kwa hiyo gladiola za dukani zinazopamba harusi za Kampala zina damu ya mmea ambao kwa kwao hukanyagwa na ng'ombe. Gloriosa superba, anayepanda kwa ncha za majani zinazojikunja na kushika kichaka, hutoka kwenye kiazi chenye umbo la herufi V, naye pia huamka na mvua.

Uzuri wa mimea hii usimfanye mtu asahau sumu yake. Ghala la chakula chini ya ardhi ni kishawishi kwa panya, nungunungu na nguruwe, na mimea imejilinda kwa kemikali kali: Gloriosa ana kolichisini, ambayo imewahi kuua watu waliodhani wamechimba kiazi cha kuliwa, na ua la damu lina alkaloidi zilizolifanya litumike katika sehemu mbalimbali za Afrika kutilia mishale sumu na kuvulia samaki. Tunguu lisiwekwe jikoni kamwe karibu na vitunguu, na mbuzi wasifungwe karibu na mahali ilipopandwa mimea hiyo.

Upandaji wenyewe haudai ufundi mkubwa. Udongo mwekundu wa vilima vya Kampala hushikamana sana unapolowa, hivyo huchanganywa na mchanga na mbolea ya samadi iliyooza vizuri, na tunguu huwekwa ili shingo yake iwe sawasawa na uso wa udongo, penye kivuli chepesi kama cha mwembe au mvule uliopunguzwa matawi. Ua la damu huoteshwa pia kwa mbegu, ambazo hazijui kulala: tunda jekundu linapoiva nyama yake huoshwa, na mbegu hupandwa mara moja, kwani ikikauka hufa. Mche huchukua miaka 3 hadi 5 kabla ya kutoa ua la kwanza, muda unaowachosha wauza miche, na huenda ndiyo sababu mmea wa nyumbani ni adimu vitaluni kuliko Hippeastrum, mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898 kando ya ziwa ili kujaribu mazao ya kigeni kama mpira na kakao, ina udongo, kivuli na wataalamu wa kuweza kuugeuza utaratibu huo na kuwapa wakazi wa mji matunguu ya kwao.

Jambo hilo lina haraka, kwa sababu vichaka vinavyozunguka Kampala upande wa Wakiso na Mukono hugeuka viwanja kila mwezi, na tunguu lililolala halionekani na dereva wa tingatinga wala na mwenye kiwanja. Anayefahamu kwamba kuna ua la damu mahali panapotarajiwa kujengwa anaweza kuliokoa kwa ruhusa ya mwenye ardhi: aweke kijiti pembeni yake wakati wa maua, angoje majani yakauke, kisha achimbe kwa upana na kina ili mizizi minene ibaki na udongo wake, na alipande siku hiyo hiyo kwa kimo kile kile. Mmea huu hukasirishwa na kuhamishwa, na mvua za kwanza zinazofuata zinaweza kuleta majani tu. Majani hayo yasikatwe hata yakionekana kuchakaa, bali yaachwe yakauke yenyewe, kwa kuwa ua la mwaka unaofuata linaumbwa kwa chakula yanachokitengeneza.